Nusu Saa ya Kukata Hewa

Mume wangu ni kinyozi, na waliosema kinyozi hajinyoi hawakukosea: kichwa chake ni changu mimi. Mwaka wa thelathini na moja huu namnyoa uani kila Jumapili, yeye amekalia ndoo iliyofudikizwa, mimi na mkasi wangu, na ole wake akitikisa kichwa.

Katika wateja wake kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu. Huyo nywele zilianza kumkimbia mapema. Paji likapanda, likapanda, zikabaki chache tu kuzunguka masikio. Lakini Jumamosi saa nne hakosi. Siku moja nimepeleka chai dukani nikaona kituko: mkasi unalia chwa-chwa-chwa juu ya utosi mtupu, haukati kitu. Nusu saa nzima! Mume wangu alivyorudi nyumbani tu nikamvaa: "Ulikuwa unakata nini pale, hewa?"

"Hewa," akasema bila aibu. "Mama watoto, yule hakuja kupunguza nywele. Amekuja kukaa kwenye kiti ahudumiwe kama wenzake. Nikimmaliza kwa dakika mbili, nitakuwa nimemwambia ameisha."

Nilimcheka jamani, mpaka mbavu zikaniuma.

Kisha ukaja huo mdororo wa uchumi. Redio ikatutangazia kwamba uchumi umerudi nyuma miezi sita mfululizo, kana kwamba sisi hatuna macho. Kiwanda cha mabati nyuma ya duka kikafungwa, na vichwa vya wafanyakazi wake vikaondoka nacho. Waliobaki wakanunua mashine, wakanyoana wenyewe nyumbani, tena ovyo ovyo. "Kila kitu kinarudi nyuma," mume wangu akatania. "Fizi zangu, nywele za Mwalimu, sasa na uchumi. Ila Mwalimu hajatangazwa redioni." Alitania, lakini chakula kilikuwa hakipiti. Mwenye chumba cha duka naye akataka chumba chake. Mwezi ulipoisha, kiti cha duka kikaja nyumbani kwa mkokoteni, tukakiweka uani karibu na karo la kuoshea vyombo.

Siku tatu hakusema neno la maana. Mtu niliyemzoea kwa umbea wa mji mzima! Anaamka, anavaa koti lake jeupe la kazi, anakaa sebuleni kuangalia mikono yake. Niliogopa. Si njaa niliyoiogopa, njaa tunajuana nayo. Niliogopa kumpoteza nikiwa naye humo humo ndani.

Jumapili nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye kile kiti chake, si kwenye ndoo. Nikamfunga shuka shingoni. Ndipo nikaona nilichokuwa nakipita kila wiki bila kukitazama: nywele za mbele zimekwenda, za utosini zimekwenda. Nikapunguza zile za kisogoni, na kazi ikawa imekwisha. Dakika mbili.

Alikuwa ameshaanza kuinuka. Nikamkandamiza bega, akakaa.

Nikauinua mkasi. Chwa-chwa-chwa. Nikaenda kushoto, nikaenda kulia, nikampuliza shingoni, nikarudi utosini. Chwa-chwa.

Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nisijue analia au anacheka.

"Mama watoto, unakata nini hapo?"

"Nyamaza," nikamwambia, na machozi yananitoka. "Usitikise kichwa. Bado hujaisha."