Uso wa Emérence kwenye karatasi mia na hamsini

Papa Zagabe alikuwa mtu wa kuchosha kufanya naye kazi, na nasema hivyo huku nikimpenda. Miaka kumi na minne nimekata, nimekunja na kupanga karatasi zinazotoka kwenye mashine yake, na sijamsikia hata siku moja akisema kazi imetoka vizuri. Akiridhika sana husema, "Iko." Asiporidhika hunyamaza, huchukua karatasi na kwenda nayo mlangoni kuitazama kwenye mwanga wa jua, na sisi tuliobaki ndani tunajua kwamba chakula cha saa sita kimeahirishwa.

Imprimerie yetu, nyumba ya uchapaji, iko Muhumba hapa Bukavu, chini ya nyumba ya patron, mwenye mali, Papa Honoré. Tuna mashine moja ya kuchapia, offset, ya rangi moja, nzee kuliko mimi. Rangi moja maana yake ni kwamba picha ya rangi lazima ipite mara nne: kwanza manjano, halafu nyekundu, halafu bleu, mwisho nyeusi, na kila baada ya rangi karatasi inaachwa ikauke. Ngozi ya mtu wa kwetu inazihitaji zote. Ukimnyima bleu, anatoka mwekundu kama tofali, na mama yake mzazi atakuuliza huyu ni nani.

Zagabe alizaliwa Mumosho. Alifika Bukavu akiwa na miaka kumi na tisa kubeba karatasi kwa wachapaji, akasimama nyuma ya conducteur mmoja mzee, mwendesha mashine, mpaka akaijua kazi kwa macho, maana yule mzee hakuwa mtu wa kueleza. Leo ana miaka thelathini na minne kwenye mashine. Amechapa mapadri wapya, maharusi, wagombea waliotabasamu kwenye affiche, mabango ya kampeni, kisha wakashindwa. Zaidi ya wote amechapa marehemu. Kwetu mtu akitimiza mwaka tangu afe, familia inafanya levée de deuil: misa, chakula, na kila anayekuja anapewa picha ndogo ya marehemu, nyuma yake sala, aende kuiweka ndani ya Biblia yake. Nadhani hakuna Biblia Bukavu isiyokuwa na kazi ya Zagabe ndani.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, alikufa mke wake Emérence. Aliugua wiki tatu. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mwanamke wa maneno mengi, na nadhani ndiye aliyekuwa anaongea kwa ajili ya wote wawili. Baada ya kumzika, Zagabe alirudi kazini siku ya nne. Hakupunguza kazi, hakuongeza maneno. Ila alianza kukaa. Zamani hakuwa anakaa. Sasa, kila mashine ikisimama, alitafuta kiti, akaweka mikono magotini, ukamwona alivyochoka.

Mwaka ukaisha. Levée de deuil ikapangwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na Papa Honoré, ambaye si mtu mbaya, alishuka Jumatatu akiwa na sauti ya huruma. Juu, ofisini kwake, ana mashine mpya ya numérique, ya kompyuta, inayotoa picha huku wewe unakunywa chai.

"Papa Zagabe, leta ile photo tupitishe kule juu," alisema. "Trente minutes, nusu saa tu, iko tayari. Ni cadeau yangu, hulipi kitu."

"Aksanti, patron. Trente-quatre ans niko nachapa bibi ya bengine. Wangu, ntamuchapa miye mwenyewe."

Honoré alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha ukaidi. Nikainua mabega.

Picha aliyoichagua ilipigwa kwenye harusi ya mpwa wao. Emérence amefunga mdomo lakini unaona anajizuia kucheka. Zagabe alipanga nyuso nne kwenye kila karatasi, karatasi mia na hamsini, yaani nyuso mia sita. Karatasi nzuri, ya kung'aa, ya mwisho tuliyokuwa nayo. Jumatatu akapitisha manjano.

Sasa mnajua Novemba yetu. Mvua asubuhi, mvua saa nane, kuta zinatoa jasho, na wino haukauki. Manjano ya Jumatatu ilikauka Jumanne saa tisa, na ilikauka kwa kulazimishwa. Kwa hali hiyo tuna siccatif, kimiminika cha kuharakisha wino, ambacho sisi tunakiita dawa. Kijiko kidogo kwenye wino, basi. Zagabe amewahi kumfukuza mtu kazini kwa sababu ya kijiko cha pili. Jumanne hiyo nilimwona akitia kijiko kwenye nyekundu, akikoroga, kisha akitia kingine.

"Papa Zagabe, si ulishaweka?"

"Naongeza."

"Weye njo unatukatazaka!"

"Jumamosi haiongezeki, Colette."

Nilinyamaza. Ninajuta mpaka leo, kwa sababu mimi si mtu wa kunyamaza, na siku moja niliyonyamaza ndiyo hiyo.

Nyekundu ikapita vizuri sana. Saa kumi na moja courant, umeme, ikaondoka. Jumatano haikurudi. Groupe yetu, jenereta, inabeba taa na kompyuta za juu, haiwezi kuzungusha offset hata ukiisukuma. Zagabe alikaa kwenye kiti chake siku nzima karibu na lile fungu la karatasi, na nyekundu yenye dawa mara mbili ikaendelea kukauka, ikapita kukauka, ikafanya ngozi ngumu kama ya chungu kilichochomwa. Wino ukifika hapo haupokei kitu tena juu yake.

Alhamisi saa sita courant ikarudi. Akafunga plaque ya bleu, bamba la kuchapia, akapitisha karatasi ya kwanza, nikaipokea mimi upande wa pili. Kwenye nguo ya Emérence, penye karatasi nyeupe, bleu ilikaa. Usoni, juu ya nyekundu, ilijikusanya vitone vitone kama maji kwenye jani la mgomba. Nilipopitisha kidole, ilitoka yote. Chini yake alikuwa mwekundu.

"Iko nakatala," nilisema.

"Naona."

Ndiyo hiyo wachapaji wanaiita refus: rangi ya chini inaikataa rangi ya juu. Akasimamisha mashine. Akalegeza bleu kwa pâte, mafuta mazito ya kulainisha wino, isivutane na roller zaidi kuliko inavyovutana na karatasi. Akapunguza maji yanayolowesha plaque. Akapitisha karatasi nyingine, akaenda nayo mlangoni, akarudi. Akalegeza tena. Karatasi tano ziliharibika hivyo, nyuso ishirini za Emérence zikatupwa sakafuni kando ya ndoo, na kila karatasi aliinama akaiokota, akaipangusa kwa leso, akaiweka juu ya meza.

"Ni miye," alisema mwishoni. Hakuwa anamwambia mtu. "Nilimuharakisha."

Papa Honoré alishuka tena na cadeau yake. Zagabe akatikisa kichwa tu. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, dawa, courant, mvua na Bwana Mungu pia. Nikamwambia kama hataki msaada wa juu, basi afikiri, kwa sababu kukaa na mikono magotini hakujawahi kukausha wala kulainisha kitu.

Akafikiri. Kisha akaniuliza kama sokoni Nyawera wanauza poudre, poda, ya watoto.

Yule mzee wa zamani, alisema, alifanya hivi mara moja. Unachukua pamba na poudre, unasugua wino uliokuwa mgumu, taratibu, mpaka ule mng'ao wake utoke. Wino ukipoteza mng'ao, rangi ya juu inapata mahali pa kushikia. Halafu unapangusa poudre yote kwa kitambaa kikavu. Karatasi moja baada ya nyingine, kwa mkono, hakuna mashine inayojua kazi hiyo. Nilipitia sokoni jioni hiyo nikainunua, na Ijumaa saa moja asubuhi nikamkuta ameshaanza.

Ukweli ni kwamba hata leo nikifumba macho ninamwona. Anaweka karatasi mezani. Kidole gumba cha kushoto anakiweka kwenye shavu la Emérence, chini karibu na taya, karatasi isikunjike. Kwa mkono wa kulia anapitisha pamba: paji la uso, macho, pua, mdomo. Anapangusa. Uso wa pili. Wa tatu. Wa nne. Anageuza karatasi, anachukua nyingine. Mgongo ulikuwa unamuuma, nilimwona anavyoubana kwa kiwiko.

"Lete nikusaidie, papa. Tukiwa babili tutamaliza mbiyo."

"Hapana."

"Utakufia hapa."

Alimaliza kwanza karatasi hiyo. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Siku ile alikufa, bamama njo balimusafisha. Miye balinifungia inje. Balisema haiko kazi ya mwanaume." Akachovya pamba kwenye poudre. "Hata uso sikumugusa."

Nilikwenda uani, nikasimama kidogo, nikarudi na kuanza kukata karatasi za kazi nyingine ambayo hakuna aliyeihitaji.

Alimaliza saa saba na nusu. Nyuso mia tano na themanini. Saa nane bleu ikapita, na ikashika. Alitoka kwenye karatasi mwanamke mweusi wa kweli, shingo na mashavu na ule mdomo unaojizuia. Nilipiga makofi kama mjinga. Zagabe akaichukua karatasi, akaenda mlangoni, na akanyamaza.

Nikamfuata. Chini ya shavu, karibu na taya, kulikuwa na doa jekundu, ukubwa wa punje ya haragwe. Kwenye uso wa pili pia. Kwenye nyuso zote. Ni pale alipokuwa ameshika kwa kidole gumba. Pale hakusugua, na pale bleu ilikataa.

"Tusugue tena," nilisema, ingawa nilijua. Bleu ilikuwa mbichi, Jumamosi ilikuwa kesho, na karatasi nyingine hatukuwa nayo.

"Nimechoka, Colette," alisema. Katika miaka kumi na minne sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Ipite vile. Batanicheka. Bacheke."

Saa kumi na moja akapitisha nyeusi, laini sana, ikakaa. Jumamosi asubuhi nilizikata, nikazitia kwenye boksi, nikazibeba mwenyewe mpaka kanisani. Watu walikuwa wengi: walimu wenzake, wanafunzi waliokuwa wamekua, ndugu waliotoka Mumosho na Katana. Nilisimama mlangoni nikagawa. Zagabe alikuwa amekaa mbele, kiti cha kwanza, kichwa chini, masikio yakisubiri kicheko. Kazi ya miaka thelathini na minne, na yenye kasoro ilikuwa ya mke wake. Aibu yake niliihisi kutoka mlangoni.

Nilipomaliza kugawa nikaenda kukaa nyuma yake. Maman Cibalonza, mama mzazi wa Emérence, alikuwa kiti cha upande wa pili na picha mkononi. Aliitazama kwa muda mrefu. Akaona lile doa. Akadhani ni uchafu. Akachukua ncha ya kitenge chake, akailowesha kidogo kwa ulimi, akaanza kumfuta mtoto wake shavu.

Nikageuka. Mwalimu mkuu alikuwa anafuta kwa kidole gumba. Msichana mmoja wa kwaya alikuwa anapuliza na kufuta. Kiti baada ya kiti, mpaka kule nyuma waliposimama, wote walikuwa wameinamisha vichwa, na wote walikuwa wanafuta, taratibu, wakiogopa kuchana karatasi.

Nilimgusa bega. "Papa Zagabe, angalia nyuma."

Aligeuka. Kanisa zima lilikuwa linampangusa Emérence uso. Alitazama mpaka padri akaingia na watu wakasimama, na yeye peke yake akabaki amekaa, analia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya siku ya kuzika.