Mafundo Sitini ya Hippolyte

Hakuna aliyemtuma Iliasi. Hilo ndilo la kwanza ambalo watu wa kijiji cha Wamaza wanamshikia mpaka leo. Ni mtu wa Kasongo, anatengeneza simu sokoni karibu na wauza chumvi, na saa ambazo wenzake wanacheza dama yeye anaandika tovuti kwenye laptopu yenye ufa. Hajawahi kuuza hata moja. Nilimwambia mara nyingi kwamba kazi isiyo na mnunuzi ni ugonjwa. Akaendelea.

Tovuti aliyoihangaikia kuliko zote ni ya wapandaji wa michikichi, au mingazi kama wanavyoiita. Nanunua mawese Wamaza, kwa hiyo wapandaji nawajua: watu wagumu, kamba nene ya kupandia begani, hawapendi kuulizwa. Wana sheria moja. Ukiona mashada yanakaribia kuiva, unafunga fundo la jani bichi kwenye shina, chini. Mti huo ni wako mpaka jani likauke. Hakuna anayeugusa.

Iliasi akaliingiza fundo ndani ya simu. Unachagua mti kwenye ramani, yeye huiita karta, unabonyeza, fundo linatokea na jina lako. Pembeni unaandika kama mti ni salama, au una nyoka, nyigu, shina bovu. Inafanya kazi bila rezo, yaani mtandao, na simu ikifika penye rezo inatuma. Miezi minane alihangaika nayo. Wapandaji wenye simu waliipokea mara moja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kufunga jani lazima utembee mpaka mtini. Mpandaji mmoja, Hippolyte, alikaa barazani kwake akafunga michikichi sitini kwa kidole, yote akiandika "salama". Wengine wakaiacha, maana fundo ni fundo. Mashada yakaivia juu, chikichi zikadondoka, panya wakala.

Siku ya soko Magloire, mkubwa wa wapandaji, akafika mezani kwa Iliasi na watu saba. Nilikuwepo, nasubiri simu yangu.

"Ni weye unafungaka mingazi na kidole?"

"Jambo, Papa Magloire. Karibu, ikala."

"Sikukuja kuikala. Futa ile kitu."

"Mwenye makosa ni Hippolyte, Papa. Tovuti haina kosa."

"Hippolyte tutaongea naye kwetu. Mulango, ni weye uliufungua."

"Muangalie mikono yake!" Amuri, mmoja wa wale saba, akadakia nyuma. "Laini sawa ya bibi-arusi."

Walicheka kwa ubaya. Iliasi, badala ya kunyamaza, akajibu: "Niko na mingazi mia tatu kwa karta yangu. Weye, Amuri, unajua mingapi?"

Magloire akamzuia Amuri kwa mkono.

"Basi kuja upande muti moja," Magloire akasema. "Moja tu. Ukishusha shada, kitu yako ibaki. Ukishindwa, utaifuta mbele yetu."

Nilijaribu kupunguza masharti: apande nusu, na mti achague mwenyewe. Nusu Magloire alikataa.

"Muti achague. Si anaijua yote?"

Kesho yake tukaenda Wamaza kwa pikipiki. Hakuna aliyemwazima kamba. Nilimpa yangu ya kufungia bidoni za mawese, na panga langu. Akatazama simu yake, akachagua mchikichi mfupi, umeinama kidogo, umeandikwa "salama" na Hippolyte. Wapandaji wakauangalia. Amuri akaziba mdomo kwa kiganja. Nikaelewa, lakini Iliasi alikuwa ameshafunga kamba kiunoni.

Alipanda kama mtu anayesukuma kabati. Akafika kwenye shada, akapiga panga mara moja, na nyigu wakatoka. Alishuka haraka kuliko alivyopanda, ngozi ya kifua ikabaki kwenye shina. Shada likabaki juu.

"Mulijua," akasema, jicho moja limeshafumba.

"Kila mutu wa hapa anajua," Magloire akamjibu. "Ni simu yako tu haijue."

Iliasi hakuomba. Akatoa simu, akainyoosha mbele ya uso wa mzee ili aone, na kwa kidole kilichovimba akafuta mafundo yote, ya Hippolyte na ya kila mtu. Alipotaka kufuta ramani, Magloire akamshika mkono.

"Ngoja. Ule mungazi, andika kwanza: iko na manyigu."

"Ulisema nifute yote."

"Nilisema mafundo."

Hakusema hivyo. Nilisikia kwa masikio yangu. Lakini mtu akilegeza bei mwenyewe, huna sababu ya kumkumbusha.

Iliasi akaandika. "Niandike nani aliwaona?"

"Weye. Tia jina yako."

Hawakumpa hata maji ya kuosha kifua. Amuri alitusindikiza mpaka njiani, akamwambia asirudi tena, na akisikia haja ya kupanda kitu, apande kitanda chake.

Nusu ya njia, Iliasi akanigusa bega. Alikuwa ameshafikiri jinsi ya kufanya neno "salama" likatae kuandikwa kama simu haiko chini ya mti wenyewe. Nikamkumbusha kwamba hakuna aliyemtuma.