Matone ya Njano, Kisima cha Mama

Mimi nikifurahi napiga kelele, hata maabara wananijua. Siku molekuli yangu ilipokubali kufanya kazi ndani ya maji nilipiga kigelegele mpaka mlinzi akaja mbio.

Molekuli yenyewe ni pete ndogo mno tuliyoiunda wenyewe, na tundu lake linaitosha floraidi tu. Kloraidi ya chumvi ya mezani ni kubwa, haiingii. Floraidi ikinaswa humo, dawa yote inageuka kutoka njano kuwa zambarau. Kwa miaka pete ilifanya kazi kwenye spiriti tu. Ukitia maji, yanaing'ang'ania floraidi na kutunyang'anya. Sasa tumeyashinda! Nani angenizuia kwenda nyumbani?

Nyumbani ni Unyambwa. Visima vyetu vingi vina floraidi iliyozidi, nayo huyaharibu meno yanapojijenga; ndiyo maana wengi tumekua na meno ya kahawia. Mama alikuwa amechimbiwa kisima kipya, na anaishi na mjukuu wake, binti wa dada yangu, ambaye ndiyo kwanza ameanza kung'oka meno ya utoto. Ya ukubwani yalikuwa bado yanajijenga ndani ya fizi. Mama alitaka kujua jambo moja tu: mtoto huyu anywe maji haya au asinywe?

Hata shikamoo yangu ilitoka nusu. Nilichukua kikombe cha bati jikoni, nikachota ndooni maji ya kisima kipya, nikadondosha matone yangu. Zambarau!

"Imekubali!" nikaruka. "Mama, imekubali!"

Mama aliniangalia. "Unafurahia nini, mwanangu?"

Niliona aibu kwelikweli. Yeye alishamwita mtoto aache kunywa, na alikuwa anatafuta bati la kufunikia kisima. Ndipo nikaona ukingo wa kikombe una weupeweupe. Nikaulamba: magadi. Kumbe ndicho kikombe chake cha kuyeyushia magadi ya kulainishia mlenda.

Nilikimbia hadi kisimani, nikachota kwa chupa yangu safi, nikadondosha. Njano. Nikarudia. Njano tena! Tulicheza wote watatu pale uwanjani, mama akinishinda kwa vigelegele.

Lakini zambarau ile ilitoka wapi? Ukali wa magadi peke yake unaweza kuidanganya pete. Basi nikayeyusha magadi kidogo kwenye maji yaleyale ya kisimani, nikakamulia ndimu mpaka povu likakoma na ukali ukaisha, kisha nikadondosha. Ikaja zambarau iliyokolea kuliko ile ya kwanza. Pete haikudanganywa hata kidogo. Floraidi ilikuwamo ndani ya magadi yenyewe.

Nilimweleza mama taratibu, safari hii bila kuruka. Chungu cha mlenda kilikuwa kinachemka jikoni.

"Kwa hiyo kisima changu hakina kosa," alisema. "Ni mimi ninayemtilia mtoto kila siku, kwa mkono wangu?"

"Hukujua, mama."

"Sasa najua."

Akakiepua chungu, akaumwaga mlenda wote nje, akampa mjukuu wake ndoo. "Kalete maji ya kisimani, mama. Tunapika upya."