Siku Redio ya Pinga Iliponyamaza

Umewahi kuona watu wanakimbia vita ambavyo havipo? Mimi nimeona, na aliyewakimbiza ni ordinateri, yaani kompyuta.

Naitwa Mumbere, mtangazaji wa redio ndogo hapa Pinga, Walikale, mashariki ya Kongo. Huku kwetu redio ikinyamaza ghafla, hakuna anayeuliza. Watu wanafunga magodoro, maana wenye bunduki wakiingia mahali huanza kwa kuteka redio.

Siku hiyo fundi wetu Damien alifika kwa pikipiki kutoka Goma, maringo hayabebeki. Ordinateri yetu ya matangazo iliendeshwa na programu iitwayo Debian, toleo la kumi na moja. Yeye kwenye flashi alileta ya kumi na tatu.

"Na ya kumi na mbili?" nikamuuliza.

"Ile tunairuka, kaka. Batoto ya akili banarukaka darasa."

Wenye Debian wenyewe wanaonya: usiruke, pita moja baada ya nyingine. Damien aliona hayo ni maneno ya waoga.

Akachomeka flashi, akaanza kuiweka. Wimbo ukakatika. Skrini ikawa nyeusi, mistari ya makosa ikamiminika, kisha ikaganda.

"Usizime!" Damien akapiga kelele. "Ukizima, inakufa kabisa!"

Tukanasa. Kuzima hatuwezi, kuendelea haiendelei, na mikro ya kutangazia nayo inapitia humo humo.

Dirishani nikaona magodoro yanapita vichwani. Halafu nikamwona Kavuo, mke wangu, mimba ya miezi minane, juu ya pikipiki inayoelekea porini.

"Kavuo!"

Wapi! Kelele za pikipiki zilinimeza. Kwa miguu nisingemfikia, lakini najua hatembei bila karedio kake.

Tukachomoa waya, mikro tukaiunga moja kwa moja kwenye mtambo wa kurushia.

"Bandugu, ni mimi Mumbere! Vita hakuna! Ordinateri njo imeharibika! Kavuo, rudi!"

Sauti ilinitetemeka vibaya sana. Nje watu wakasimama, wakasikiliza, halafu wakaongeza mbio.

"Masikini Mumbere!" mmoja akalia. "Banamushikia bunduki ku kichwa!"

Kadiri nilivyosihi ndivyo nilivyosikika kama mateka. Niliogopa, sikufichi. Akilini nilimwona Kavuo anajifungulia matopeni.

Mara mlango ukapigwa teke. Mama yangu, Mama Consolée, mwiko mkononi, bado una ugali.

"Weye Mumbere! Bibi yako iko na mimba, unamukimbiza mu pori sababu ya mashini? Na weye wa Goma, nani alikufundisha kuharibu vitu ya bantu? Kuja hapa nikuonyeshe!"

Mwiko ukalia mgongoni mwa Damien.

"Aïe, Mama, pardon!"

Mikro ilikuwa wazi. Nilinyoosha mkono niifunge, ndipo nikasikia kicheko barabarani.

Mwenye bunduki gani angemvumilia mama yangu? Pinga nzima ilijua jibu. Magodoro yakaanza kurudi.

Kavuo alirudi na pikipiki ile ile, tope hadi magotini, anacheka huku analia. Nilimkumbatia mbele za watu, nikalia bila aibu.

Damien aliifuta ordinateri, akaanza upya, safari hii akapitia ya kumi na mbili. Mashine inafanya kazi vizuri.

Ndugu msomaji, kabla hujagusa kitu ambacho wengine wameegemezea uhai wao, toka nje uwaambie. Sisi tulikuwa na redio mkononi, na hakuna aliyekumbuka kutangaza.