Chumba Kimoja cha Ghorofani

Mimi ndiye niliyeipenda ile nyumba. Mume wangu alitaka tujenge Kihonda, ng'ambo ya reli, ambako viwanja vilikuwa bado vinapatikana na kila mwenye akili zake alikuwa anafyatua matofali. Nikamwambia Kihonda ni vumbi tupu, maji ya shida, na mimi sikuolewa ili niwe nasukumana na ndoo. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja katikati ya Morogoro, nikavaa viatu vya kisigino, nikajiona nimefika. Mtu wa namna hiyo humwambii habari za Kihonda.

Ilikuwa ghorofa ya zamani, chini duka la misumari na rangi, juu sisi. Enzi hizo za nyuma huko juu walikaa mafundi cherehani, kwa hiyo hakuna aliyewahi kufikiria kuweka ukuta. Kilikuwa chumba kimoja kikubwa kama darasa, na pembeni choo na bafu. Kodi yake ilikuwa ndogo hadi wenzangu ofisini wakadhani nawadanganya. Lakini uwanja hakuna, pa kuanika nguo hakuna, pa kuweka gari ndiyo kabisa. Mlango ulifunguka barabarani moja kwa moja. Nilitundika pazia kuzunguka kitanda, nikaliita chumbani, na dirisha la nyuma nikalifungua ili upepo wa milima ya Uluguru uingie bure.

"Na mama yako akija atalala wapi?" mume wangu aliuliza siku tuliyopewa funguo.

"Mama haji mjini," nikamjibu. "Anachukia kelele."

Kwetu mlimani mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake. Wanaheshimiana kwa kukaa mbali: hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na akimwona mkwe wake kifua wazi ni aibu ya kumlaza mtu na njaa. Mume wangu, mtu wa Ngerengere, alikuwa ameyajifunza hayo yote baada ya kunioa. Mimi niliyezaliwa nayo ndiye niliyechagua nyumba ya pazia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, soko huria ndiyo limeingia. Kiwanda alichofanyia kazi kiliuzwa, watu wakapunguzwa, naye akachukua kiinua mgongo chake akanunua pikapu ya buluu, mtumba wa Kijapani. Akawa anabeba ndizi na machungwa kutoka milimani. Kwa kuwa kwetu hapakuwa na pa kuilaza, usiku aliiacha kwenye kituo cha mafuta kilichotazamana na dirisha letu la mbele, akawa rafiki wa mlinzi. Wenzake waliojenga walimcheka kwamba gari lake limepanga kivyake. Naye alicheka pamoja nao. Mimi niliona wanatuonea wivu.

Kisha macho ya mama yakaanza kufunga. Mama aliishi Kinole, kijijini kwetu mlimani, akilima mdalasini na pilipili manga, na nilijua hali imekuwa mbaya nilipokwenda nikamkuta anamenya magome ya mdalasini kwa kupapasa, vidole vimejaa vidonda vya kisu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tulipomleta hospitali daktari akasema atamfanyia jicho moja kwanza, la pili baada ya miezi michache. Ila baada ya kupasuliwa asikae penye moshi wala vumbi, na kila asubuhi aletwe atazamwe.

Nilitafuta pa kumweka. Tulikuwa na ndugu Kingolwira, lakini walipika kwa kuni humo humo walimolala. Kurudi Kinole na kushuka kila siku kwa barabara ile haikuwezekana. Palibaki kwangu tu, hatua chache kutoka hospitali, safi, penye hewa, na penye mume.

"Mimi nitalala kwenye gari," mume wangu akasema. "Kwanza taa zinang'olewa siku hizi, nitalilinda."

Nilipaswa kumkatalia. Nilimpa shuka.

Mama alipotoka kupasuliwa, jicho limefungwa bandeji, tulimwambia kwamba mkwe wake amesafiri kwenda Dar es Salaam kufuata mzigo, atakaa huko kidogo. Bila hivyo asingekanyaga hata ngazi ya kwanza. Aliuliza mara mbili kama ni kweli, nami mara mbili nikasema kweli, bila hata kupepesa. Ndipo akapanda, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwangu, akisema Bismillahi kila ngazi.

Usiku ule na uliofuata nilimwambia mama nashuka dukani, nikavuka barabara na bakuli la ugali chini ya kanga. Mume wangu ni mrefu. Alijikunja kwenye viti vya mbele magoti yakigusa usukani, akala, akaniuliza hali ya mgonjwa, akanirudishia bakuli. Niliona haya hata kumtakia usiku mwema. Nikirudi juu nilikuta mama amejilaza kwenye mkeka, mbali na kitanda chetu, kwa sababu hata kitanda cha mkwe hakikaliwi, na ananiombea dua mimi na mume wangu aliye safarini. Niliitika amina. Sijui Mungu aliisikiaje amina ile.

Na pikapu ilikuwa pale pale. Hatukuihamisha. Wala hatukujadiliana kuihamisha, maana mama alikuwa haoni, na sisi tulikwishazoea kwamba haoni. Ndilo linalonichoma hadi leo. Nilimpeleka mama yangu kutibiwa macho huku nikipanga mambo yangu kana kwamba hatakuja kuona.

Bandeji ilitolewa. Tulirudi nyumbani taratibu, mama akisimama kila baada ya hatua chache. Alitazama kanga yake akasema kumbe imepauka hivi, na mimi namwacha aivae. Alinitazama mimi, akanishika shavu, akasema nimenenepa. Tulicheka sana njiani. Jioni alisimama kwenye dirisha la nyuma akitafuta mlima wa kwetu, nami nikaenda na bakuli langu barabarani nikiwa na furaha, nikamwambia mume wangu, "Mama anaona!" Naye akafurahi. Tukafurahi wote wawili, wajinga wawili, ndani ya gari la buluu.

Asubuhi niliamka nikamkuta mama ameketi sakafuni juu ya ngazi, mgongo umeelekea dirisha la mbele. Furushi lake limefungwa. Kanga ameivuta hadi usoni.

"Shikamoo mama. Vipi, jicho linauma?"

"Marahaba. Haliumi." Akaivuta kanga tena. "Mkwe wangu amerudi lini safari?"

Ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko akili. "Amerudi alfajiri hii hii, mama. Hakutaka kukusumbua."

"Nimemwona anatoka garini na shuka. Ile shuka nilikupa mimi ulipoolewa." Sauti yake ilikuwa ya chini, inavuta maneno kama wanavyosema watu wa mlimani wanapoongea msibani. "Amevua shati, ananawa kwa kopo. Mimi mama yake mkwe nimesimama dirishani namtazama. Kwanza sikujua ni yeye. Nilikuwa nafurahi tu kwamba naona mtu."

Nilipiga magoti. Nilimwambia ni yeye mwenyewe aliyejitolea, hakuna aliyemlazimisha, hana kinyongo.

"Yeye ni mtu mwema," mama akasema. "Mimi nakuuliza wewe. Umeniacha nimfukuze mtoto wa watu nyumbani kwake, na mimi nalala nakuombeeni dua."

Nilimsihi abaki, nikamtajia dawa, moshi, vumbi, daktari. Alinyoosha mkono akachukua kichupa cha dawa ya matone, akakifunga kwenye pindo la kanga, akasimama. Ngazi alizishuka mwenyewe, bila kunishika.

Chini hakukuwa na njia nyingine. Mlango ule ule mmoja, barabara ile ile, na ng'ambo yake kituo cha mafuta. Laiti ningekuwa na uwanja nyuma, ningemtoa mama yangu kwa heshima. Aliniambia nitangulie nikamwambie mume wangu ageuke. Nikavuka mbio mbele ya wauza vitumbua na wafungua maduka, nikamwambia. Aliacha mswaki, akavaa shati harakaharaka vifungo vikipishana, akageuka akaelekea pampu, kichwa chini.

"Shikamoo mama," akaita, mgongo ukiwa kwetu.

Mama alisimama katikati ya watu, naye amempa mgongo. "Marahaba, baba. Nisamehe."

"Hapana mama, usiseme hivyo. Rudi ndani, mimi sina neno."

"Nisamehe," mama akarudia, akaanza kutembea kuelekea yanakopakia magari ya Kinole. Nilimfuata nimebeba furushi. Hakulikataa, lakini hakuongea nami tena hadi gari lilipoondoka.

Siku ya jicho la pili ilipofika nilipanda Kinole kumchukua. Akauliza atalala wapi. Nikamwambia kwamba mume wangu atahamia kwa rafiki yake, na safari hii hatutamficha kitu. Akasema hapana, basi, lile moja linatosha. Mume wangu alipanda baadaye, akakaa nje ya ua, akamtuma mjomba wangu aingie kumbembeleza kwa niaba yake. Jibu likawa lile lile. Ndipo nikakubali Kihonda. Tulijenga polepole, na chumba cha kwanza kuezekwa kilikuwa cha mama, peke yake uani, na mlango wake na choo chake. Nilikipaka rangi kwa mikono yangu. Mama alikuja kukiona, akakisifu, akamshukuru mkwe wake kwa kupitia kwangu, na jioni akaomba apelekwe kwao. Jicho la pili hakulifanya. Sikumlaumu hata siku moja, ingekuwa uso mkavu wa ajabu.

Naendelea kwenda Kinole kila nipatapo nafasi. Nampelekea sukari na sabuni, nakaa naye jikoni, namsimulia habari za mjini. Nikianza kumweleza jambo lolote, hata la bei ya mchele, huacha kumenya mdalasini, hugeuza kichwa chote, na kunielekezea lile jicho zima usoni hadi nimalize. Mjomba husema ni kwa sababu upande wa pili hauoni. Naitikia kwa kichwa, lakini mama huwasikiliza watu wengine wote huku anatazama kazi yake.