Sauti ya Pikapu ya Baba

Fundi wetu wa Kitengela hafungui boneti mpaka uige kwa mdomo vile gari linalia. Anafumba macho, anairudia sauti hiyo, vidole vyake vyeusi vikigonga goti. Alipomaliza kutia injini ya kisasa kwenye pikapu kuukuu ya baba, tulienda naye Mashuuru kupelekea ng'ombe maji. Ng'ombe wetu hukimbilia mngurumo wa pikapu hiyo. Siku hiyo waliinua vichwa tu, wakarudi kula.

“Sasa nimesahau nini?” Fundi akapapasa kila waya. Hakuna kasoro. Akafumba macho, akakohoa kama injini ile ya zamani. Ng'ombe wakaja mbio, wakaipita pikapu, wakamzingira yeye.

“Mzee, sasa nizime?” fundi akauliza katikati ya kukohoa.

“Usizime,” baba akasema, akimimina maji.