Kifuko cha Nyongo cha Mama Mkwe

Biolojia yangu niliipata sokoni Kibuye, kwenye turubai la muuza vitabu vikuukuu, katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa karani wa stoo mjini na shule nilikuwa nimeiacha mapema. Kitabu cha mwili wa binadamu nilichonunua hakikuwa na jalada. Nilikisoma sura kwa sura, na iliyonikaa akilini zaidi ilikuwa ya njia ya chakula, labda kwa sababu ningeweza kuihakikisha jikoni. Kila mbuzi alipochinjwa kwetu, mimi ndiye niliyeomba kuosha matumbo. Mke wangu aliwaambia majirani kwamba ameolewa na daktari wa mbuzi.

Miaka michache baadaye mama yake, aliyeishi Kisian, alianza kushikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia kila alipokula chakula chenye mafuta. Hospitalini walimpima wakaona mawe kwenye kifuko cha nyongo, wakataka kukitoa. Akakataa. Alisema hajawahi kuona kiumbe anayeishi bila nyongo, na hakutaka kuwa wa kwanza. Maumivu yakazidi, akabaki kunywa uji tu, akakonda. Daktari alikuwa ameonya kwamba kifuko kikioza ndani, huenda tusiwahi kumwokoa.

Mke wangu akaniomba nikamweleze. Lakini kwetu mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake, hali chakula mbele yake, wala hataji mambo ya tumbo mbele yake. Kumsimulia safari ya chakula toka mdomoni hadi mwisho kungekuwa tusi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyepata njia. Jumamosi moja nilikaribishwa sebuleni kule Kisian, mama akakaa chumba cha ndani, pazia likashushwa, nami nikamweleza mke wangu kana kwamba yeye ndiye mgonjwa.

Nilianza mwanzo, kama kitabu. Meno husaga, na mate huanza kazi palepale, ndiyo maana ugali ukitafunwa muda mrefu huwa mtamu. Tonge haliteremki lenyewe. Koo hulisukuma kwa misuli, hata mtu akiwa amelala. Tumbo hulikoroga pamoja na asidi mpaka liwe kama uji. Kisha uji huo huingia utumbo mwembamba, na hapo nyongo humwagika na kuyavunja mafuta kuwa matone madogo, kama sabuni kwenye sufuria. Utumbo mwembamba hufyonza chakula, utumbo mpana hufyonza maji. Nilipofika hapo nikanyamaza.

"Malizia, baba watoto," mke wangu akasema. "Ama chakula kimekwama hapo?"

Shemeji alicheka hadi akatoka nje. Nyuma ya pazia nikasikia kikohozi, na sikujua kama ni cha kukemea au cha kuficha kicheko.

Nikarudi kwenye nyongo. Nikasema inatengenezwa na ini, kifuko ni ghala tu. Ghala likibomolewa shamba halikomi kuzaa. Mavuno yataingia jikoni moja kwa moja, kidogo kidogo.

 Sauti ya mama ikamwambia binti yake kutoka nyuma ya pazia, "Muulize mume wako kama hayo ameyaona kwa macho au ameyasoma."

Lilikuwa swali la haki. Mbuzi wote niliowaosha walikuwa na kifuko kwenye ini. Ng'ombe anacho, kuku anacho, na kikipasuka nyama yote huwa chungu. Nikajibu kwamba nimeyasoma.

"Basi," mama akasema.

Nilikuwa karibu kuaga nilipokumbuka mstari mmoja mdogo chini ya picha ya ini. "Mwambie mama," nikasema, "kitabu kinasema njiwa hana kifuko. Mimi sijawahi kumpasua njiwa."

Shemeji alifuga njiwa hapo nyumbani, na mama alikuwa amewapika mara nyingi.  Mama alisema kweli hajawahi kukiona, ila alidhani kwa udogo wa ndege kinapotea mkononi. Akaagiza mmoja achinjwe.

Tulisubiri. Hatimaye mkono ukapenyeza sahani pembeni mwa pazia, na mke wangu akaniletea. Ini lilikuwa juu, limepinduliwa, limeoshwa. Nililitazama pande zote. Hapakuwa na kitu.

"Na huwa anaruka mpaka ziwani," mama akasema, safari hii bila kupitia kwa binti yake. Kisha akamwuliza shemeji kama Jumatatu kuna gari la mapema.

Baada ya operesheni nilimtembelea kwa kusimama mlangoni mwa wodi, nikasalimu, nikaondoka. Aliongeza mafuta kwenye chakula taratibu, kama nilivyoshauri kupitia kwa mke wangu. Kabla ya Krismasi tulipeleka mbuta, samaki mnono wa ziwani, Kisian. Yeye alikuwa jikoni, mimi sebuleni. Mke wangu akaja akaniambia mama amemaliza kipande cha tumboni, penye mafuta, na ameomba kingine.